Subiri Nyanya Zikauke

Nilipoondoka Tanga kwenda kusoma İzmir, Uturuki, mwaka 2016, mayai ya nyanya nilikuwa nayajua. Kwetu hupikwa asubuhi mapema kabla watu hawajatawanyika: kitunguu kinatangulia, nyanya inafuata, hoho kidogo, mayai yaliyopigwa kwenye bakuli yanamiminwa juu, na dakika kumi hazijatimia yapo mezani pamoja na boflo na chai ya rangi. Nimeyapika tangu nikiwa darasa la tano. Kwa hiyo mwenzangu wa chumba bwenini aliponiambia kwamba kwao Jumapili haiitwi Jumapili bila menemen, akanitajia na vinavyoingia humo, nilimjibu kwamba hicho chakula hata kwetu kipo. Nilikosea, na ilinichukua karibu miaka miwili kujua nimekosea wapi.

Kwenye viungo hakuna la kubishana. Mayai, nyanya, pilipili za kijani, mafuta, chumvi, basi. Ila mayai yetu ya nyanya ni chakula cha mayai, nyanya zimekuja kuyasindikiza. Menemen ni chakula cha nyanya. Mayai huingia mwisho kabisa, na hayakai sana.

Mwaka wa kwanza tulisoma lugha tu. Mwaka wa pili nikaanza masomo yenyewe, uhandisi wa chakula, nikahamia nyumba ya kupanga Bornova, upande wa İzmir wenye wanafunzi wengi. Ghorofa ya tatu, na mlango uliotazamana na wangu alikaa mama mmoja mjane, mtu mzima kiasi cha kuwa na wajukuu wanaosoma. Nilimwita Teyze kama jengo zima lilivyomwita. Maana yake ni dada wa mama, sisi tungesema mama mkubwa au mama mdogo, lakini Uturuki mwanamke yeyote wa rika la mama yako unaweza kumwita hivyo, naye atakuita kızım, binti yangu.

Sikuwa nimemaliza hata mwezi pale aliponigongea akiwa na bakuli la aşure. Ilikuwa Muharram, na mwezi huo watu hupika uji huo mzito wa ngano, maharage, dengu, matunda makavu na njugu, wakawagawia majirani. Bakuli nililirudisha na maandazi ya iliki. Akafunua karatasi, akanitazama, akauliza: "Kwenu pia chombo cha jirani hakirudi kitupu?" Nikamwambia kwetu pia. Tangu siku ile mlango wake ukawa hauna hodi ndefu kwangu.

Machi 2018 nikaalika wenzangu watatu wa darasani, wote Waturuki, waje Jumapili kwa kahvaltı. Neno hilo lina kahawa ndani yake, kahve, na maana yake ni kile unachotanguliza tumboni kabla ya kahawa. Siku za kazi ni jibini, zeituni na chai harakaharaka. Jumapili ni jambo jingine kabisa: watu wanaketi saa nne au saa tano, na mezani kuna jibini aina mbili tatu, zeituni nyeusi na za kijani, matango, asali na krimu nzito iitwayo kaymak, jemu, mkate wa moto, na katikati sufuria ya mayai. Wanaweza kuinuka saa nane. Nilitaka kuwaonyesha kwamba na mimi nimeshazoea.

Nyanya zilikuwa za kitalu, nyekundu kwa nje na nyeupe moyoni. Nikazikata, nikazipa kama dakika tano motoni, zilipoanza kulainika nikamimina mayai sita niliyoyapiga. Maji yalikuwa bado yamejaa kikaangoni. Mayai yakakatika vipande vidogovidogo, vikaelea kwenye maji ya rangi ya waridi, na kila nilivyoyaacha motoni ili maji yapungue ndivyo mayai yalivyozidi kukakamaa. Wenzangu walikula. Wakasema eline sağlık, afya iwe mikononi mwako, ambalo ndilo neno la shukrani kwa aliyepika. Lakini mkate ulibaki. Hilo liliniuma kuliko lolote ambalo wangeweza kusema, maana menemen hailiwi kwa kijiko. Unamega mkate, unachovya, unamega, unachovya. Mkate ukibaki, ujue hapakuwa na cha kuchovya.

Jioni nikamweleza Teyze ngazini, nikamwomba anifundishe. Akauliza nyanya nilinunua wapi. Nikamwambia dukani. Akatikisa kichwa. "Sasa hivi hakuna nyanya. Ngoja."

"Hadi lini?"

"Hadi ziwepo."

Nilidhani ananikwepa kwa upole. Kumbe alimaanisha alichosema. Aprili ikapita, Mei ikapita, nikawa nakula kwake Jumapili nyingine çılbır, mayai yaliyochemshwa bila ganda na kulazwa juu ya mtindi wenye kitunguu saumu, halafu yakamwagiwa siagi ya moto iliyotiwa pilipili nyekundu ya chengachenga. Kitamu mno, na kwa kuwa hakihitaji nyanya kinafaa miezi ya baridi. Lakini menemen hakuipika.

Jumapili ya kwanza ya Julai ndiyo akanigongea. Saa tatu asubuhi, ameshatoka sokoni. Kituruki kinatumia neno moja, pazar, kwa soko na kwa Jumapili, na kila mtaa una siku yake ambapo barabara inafungwa, mahema yanapandishwa, wakulima wanamwaga mali yao. Nyanya alizonunua zilikuwa na mabaka ya kijani karibu na kikonyo, nyingine zimepasuka. Akanipa moja ninuse. Ilikuwa na harufu ya jani la mnyanya, ile inayobaki vidoleni ukipita shambani.

Nitaeleza alivyopika kwa kituo, kwa sababu kila kitu kilikuwa hapo.

Alianza na chombo. Anakiita sahan, na niliposikia neno nilicheka kwa furaha nikamweleza kwamba kwetu sahani ni ya kulia. Neno ni moja, wao na sisi tumelichukua kwa Waarabu, kama zeytin na zeituni. Chai nayo ni neno moja kwao na kwetu, ingawa hilo hatukulichukua kwa Waarabu, na hata matamshi hayakubadilika. Sahan yake ni ya shaba, kipana, kifupi, chenye masikio mawili, na ndani kimepakwa bati. Akanionyesha mahali palipoanza kuwa pekundu katikati. Bati likichakaa, ukali wa nyanya unagusana na shaba, na hilo si jambo la kuacha. Ilibidi akipeleke kwa fundi huko Kemeraltı, soko la zamani la İzmir, kikapakwe upya. Wiki mbili baadaye alikipeleka kweli, nikamsindikiza.

Pilipili zilikuwa zile nyembamba ndefu za kijani, sivri biber, nyingi haziwashi. Akakata tano kama pete. Mafuta ya zeituni vijiko viwili vikubwa, na kipande cha siagi juu yake. Moto wa kati, si mkali. Pilipili zikakaa humo dakika tano nzima hadi ngozi ikaanza kujikunja na harufu ikabadilika kutoka ya majani kuwa tamu. Mimi ningezipa dakika moja.

Nyanya nne kubwa, karibu nusu kilo na ushee. Hakuzikata. Alizipasua katikati akazisugua kwenye chombo kile tunachokwangulia karoti, upande wa nyama chini, hadi ngozi ikabaki kiganjani kama karatasi. Zote zikawa rojo ndani ya bakuli. Akamimina, akatia chumvi, akapunguza moto, akavuta kiti akaketi.

Ndiyo, aliketi. Akaanza kunimenyea tango huku anaongea habari za binti yake wa Ankara. Kila nilipoinuka kwenda kuchungulia alisema: "Keti. Bado."

"Unajuaje bado?"

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Sufuria ilikuwa inabwabwaja, mapovu makubwa yanapasuka polepole, kama ugali unapoanza kuchemka. Akasema hayo ni maji yanaongea. Ikapita kama robo saa, sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa ya kukaanga. Akasema sasa ni mafuta. Akanipa mwiko nipitishe katikati. Njia ikafunguka hadi chini nikaona bati, na njia haikujifunga. Pembeni mafuta mekundu yalikuwa yamejitenga na kutengeneza mstari mwembamba kuzunguka sahan yote.

Darasani tulikuwa tumeshafundishwa haya kwa tarakimu. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, kiini kati ya 65 na 70, na joto likizidi sana hapo protini zinajibana na kukamua maji zilizoyashika. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama zote. Lakini Machi, jikoni kwangu, sikuunganisha. Nilikuwa nimetia mayai ndani ya maji, kisha nikataka moto uleule uondoe maji na uache mayai laini. Haiwezekani. Maji yanahitaji robo saa na mayai yanahitaji dakika mbili. Hawa wawili hawaingii motoni pamoja.

Mayai manne hakuyapiga. Aliyapasulia ndani ya sahan moja moja, kila moja mahali pake, akaacha yakae kama unavyohesabu hadi ishirini, kisha kwa ncha ya uma akapasua viini na kuvivuta kidogo huku na huku, mara nne au tano, si zaidi. Hakukoroga. Akakifunika kwa nusu dakika, akafunua. Ute ulikuwa umeanza kuwa mweupe lakini juu bado unang'aa unyevu, na mistari ya njano na nyeupe inaonekana ndani ya wekundu. Hapo nikasema kimoyomoyo bado hayajaiva. Yeye akaondoa sahan motoni. Akapeleka mezani, akaweka juu ya kibao, na tulipomaliza kumimina chai yalikuwa yameiva. Shaba ile ya moto ilimalizia kazi.

Chai nayo haikuwa ya haraka. Wana birika mbili zilizopandana, ya chini ina maji yanayochemka, ya juu ina majani, na mvuke wa chini unaivisha ya juu taratibu kwa dakika 15 au zaidi. Majani ni ya Rize, pwani ya Bahari Nyeusi. Inanywewa kwenye vigilasi vyenye kiuno, bila maziwa, na ukimaliza unaongezewa hadi uweke kijiko juu ya gilasi kuonyesha umetosheka. Nilikunywa sita siku ile. Mkate wote tuliumaliza.

Mwishoni mwa mwaka uleule nchi nzima ikaingia kwenye ubishi wa kitunguu. Vedat Milor, mwanasosholojia anayejulikana zaidi kama mhakiki wa vyakula, aliuliza mtandaoni kama menemen inatiwa kitunguu au haitiwi. Watu zaidi ya 400,000 wakapiga kura. Wenye kitunguu wakashinda kwa asilimia 51 dhidi ya 49. Darasani kwetu watu waliokuwa marafiki walikaa pande mbili za meza. Nilipompelekea Teyze matokeo, aliendelea kukunja nguo zake. Kitunguu, alisema, ni cha chakula cha mchana. Asubuhi kinafunika nyanya. Mimi nimelelewa kwenye kitunguu, na sikumwelewa hadi nilipopika mara mbili mfululizo nyanya zilezile, moja nacho na moja bila. Kikiwepo, rojo linakuwa tamu zaidi na zito zaidi, linaelekea kwenye mchuzi. Kisipokuwepo, unaonja ule uchachu wa nyanya unaokutana na kiini cha yai. Kwa nyanya za Julai nipo upande wa Teyze. Kwa nyanya dhaifu naweka kitunguu kimoja kidogo, nimekatakata sana, na sioni aibu.

Wapo wanaosema menemen na shakshuka ya Waarabu ni kitu kimoja. Si kweli. Shakshuka ina bizari na viungo vingine, na mayai yake hukaa mazima juu ya rojo. Na ukiagiza şakşuka ndani ya Uturuki utaletewa biringanya za kukaanga kwenye rojo la nyanya, bila yai hata moja.

Nilikwenda pia Menemen penyewe. Ni mji na wilaya ya mkoa wa İzmir, kaskazini mwa jiji. Kutoka Bornova unapanda metro hadi Halkapınar, hapo unabadilisha na kuingia treni ya İZBAN. Nilitegemea kukuta migahawa imejipanga na jina la chakula kwenye kila ubao. Nilichokuta zaidi ni vyungu. Menemen ni mji wa wafinyanzi, mitungi na vyungu vimepangwa kando ya barabara kama mananasi kwetu. Nikanunua bakuli moja la udongo linalohimili moto. Linachukua muda kupata joto na muda mrefu zaidi kulipoteza, kwa hiyo ukilitumia lazima uliondoe motoni mapema kuliko shaba, wakati ute bado unatikisika. Hilo nililijifunza kwa kupoteza mayai matatu.

Mwaka 2020 sikuweza kuja nyumbani kwa sababu ya korona. Mwishoni mwa Agosti Teyze akanunua kilo 30 za nyanya, zile za kuuzwa kwa bei ya chini jioni soko linapofungwa, na kilo tano za pilipili. Hii ni kazi ya nyumba nyingi Uturuki mwezi huo: kupika nyanya na pilipili, kuzijaza kwenye chupa za kioo zikiwa bado zinachemka, kuziba, kisha kuzipindua chupa kichwa chini juu ya taulo hadi zipoe. Joto linasafisha kifuniko na zikipoa kifuniko kinavutwa ndani. Tulifungua madirisha yote, tukavaa barakoa mwanzoni, baadaye tukazivua kwa mvuke. Siku mbili. Mikono yangu iliwasha hadi usiku wa pili. Tulipata chupa 22, tukazipanga kwenye rafu ya kibaraza chake kilichofungwa kwa vioo, na aliandika tarehe kwenye kila kifuniko kwa kalamu ya wino mzito. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Machi ya 2018 aliniambia ningoje. Yeye mwenyewe menemen ya baridi huitoa kwenye chupa ya Agosti, na mwaka ule chupa zilikuwa zimeshamwishia.

Tarehe 30 Oktoba, siku ya Ijumaa, kama dakika tisa kabla ya saa tisa alasiri, ardhi ilitikisika. Kitovu kilikuwa baharini, karibu na kisiwa cha Samos, lakini majengo yaliyoanguka zaidi yalikuwa Bayraklı, jirani zetu kabisa. Watu 117 walikufa Uturuki. Jengo letu lilisimama, likiwa na nyufa kwenye kuta za ngazi. Nilimshika Teyze mkono tukashuka, yeye ana kandambili za ndani, mimi sina viatu kabisa. Usiku ule na uliofuata tulilala bustanini pamoja na mtaa mzima, kwenye mablanketi, kwa sababu ardhi haikutulia na hakuna aliyetaka kurudi juu. Tulisikia ving'ora vinavyoelekea Bayraklı hadi alfajiri.

Asubuhi mwana wa Teyze aliyekuja usiku kutoka Manisa alipanda mara moja kuchukua dawa za presha za mama yake. Akashuka na dawa, koti, mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, kama ile ya kwetu, na chupa mbili za nyanya. Alisema nyingine nyingi zimeanguka, kibaraza kizima ni chekundu. Mama mmoja wa jengo la pili alikuwa na trei ya mayai kwenye gari. Mkate ulikuwa unagawiwa.

Teyze aliomba sufuria, akapewa. Nyanya zilikuwa zimeshakauka tangu Agosti, hazikuhitaji kungojwa. Zilihitaji kupata moto tu. Akasikiliza hivyohivyo. Akaketi chini karibu na jiko, ameinamisha kichwa, huku helikopta zinapita, akangoja ile sauti ya maji igeuke. Akapasua mayai kumi na mbili. Tulikula watu wa familia nne au tano, waliokuwa wanajuana kwa salamu za kwenye lifti tu, kila mmoja na kipande chake cha mkate, tumezunguka sufuria. Mtoto mmoja wa miaka kama sita ambaye hakuwa ameongea tangu jana aliomba aongezewe. Sijawahi kula chakula kilichonishika namna ile, na ninapoandika haya bado naisikia ladha ya pilipili zile.

Nilihitimu 2021, nikarudi Tanga.

Mama alikuwa ameshachoka kusikia habari za menemen kwa simu. Jumapili ya tatu tangu nirudi nikaenda soko la Mgandini mapema. Nyanya za Lushoto zilikuwa zimeshuka, nikachagua fungu moja baada ya jingine hadi muuzaji akaniuliza kama nachagua mchumba. Nilizitaka zilizoiva hadi kulainika, ambazo yeye alikuwa ameziweka pembeni za kuuza kwa bei ya kutupa. Hizo ndizo zenyewe. Nyanya ndefu za ngozi ngumu zinasafiri vizuri kwenye tenga na zina maji kidogo, nazo zinafaa, ila utamu wake mdogo. Mimi huchanganya nusu kwa nusu. Pilipili zile nyembamba sikuzipata, nikachukua hoho za kijani mbili na pilipili mbuzi moja ambayo niliitia nzima bila kuipasua, itoe harufu isiwashe. Mafuta ya zeituni kwetu yana bei, kwa hiyo kijiko kimoja cha hayo, kimoja cha alizeti, na siagi.

Nikatumia bakuli langu la udongo kutoka Menemen, limefika salama ndani ya sweta mbili, nikaliweka juu ya jiko la mkaa na moto nikaupunguza. Mama amesimama nyuma yangu.

"Kitunguu?"

"Hakuna, Mama."

"Umesahau?"

"Hakitiwi."

Akanyamaza. Kimya cha mama jikoni kinajulikana. Dakika ya sita: "Mayai yako hapa, nikupigie?" Nikamwambia hayapigwi. Dakika ya kumi: "Mwanangu, hizo nyanya unaziunguza." Nikamvutia kigoda, nikamwomba aketi asikilize. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lilitoka lenyewe. Akaketi kwa kunihurumia zaidi kuliko kwa kuamini. Rojo lilikuwa linabwabwaja. Tukaongea habari za shangazi wa Pangani na kesi yake ya shamba, ndefu kama kesi za mashamba zilivyo, na katikati ya maneno Mama akanyamaza akageuza sikio upande wa jiko.

"Sauti imebadilika," akasema.

Nikampa mwiko apitishe katikati.

Tulikula saa tano kasoro, barazani, bakuli katikati yetu juu ya kibao cha kukatia. Nilikuwa nimempigia Teyze kwa video, simu imeegemezwa kwenye chupa ya asali. Kabla hata ya salamu aliuliza nyanya zimekauka? Nikageuza simu aone. Mama hakujua Kituruki wala Teyze Kiswahili, lakini Mama alinyanyua gilasi akasema chai, Teyze akanyanyua yake akasema çay, wakacheka kama watu waliosoma pamoja. Teyze akasema afiyet olsun. Nikamwambia Mama ni afya ileile yetu, anakutakia afya. Mama akamwitikia kwa Kiswahili kirefu, na sikutafsiri, hakukuwa na haja.

Boflo tulilinunua moja, la kututosha wawili. Mama alimega, akachovya, akamega. Hakusema kitu hadi akafika kwenye udongo mtupu, akaupangusa kwa ganda la mwisho pande zote, pale mafuta mekundu yalipogandia.

Kisha akauliza kama mkate umebaki. Nikavaa kandambili nikaenda dukani.